Kulinda fumbo: jibu kwa binti wa Tanga anayetaka kuwa mtayarishaji wa tamthilia za upelelezi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nilisomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, na kwa sasa napiga video za harusi na mahafali. Tangu utotoni nimesoma hadithi za upelelezi zilizokuwamo katika kabati la marehemu babu yangu, hasa zile za Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla, na ndoto yangu ni kuziona zikiwa tamthilia ya televisheni. Wenzangu wengine wananiambia ni lazima kwanza niwe mwongozaji. Wengine wanasema mtayarishaji ni mtu mwenye fedha tu. Je, mtayarishaji hasa hufanya nini, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wote wawili wamegusa ukweli kidogo, lakini hakuna aliyeufikia. Mwongozaji huongoza waigizaji na kamera siku ile kazi inapofanyika, na mwenye fedha hutoa fedha. Mtayarishaji ndiye anayeisoma hadithi kabla ya wote hao hawajajua kwamba ipo, anayetafuta haki ya kuitumia, anayemchagua mwandishi wa mswada na kukaa naye hadi mswada usimame, anayemtafuta huyo mwongozaji na hizo fedha, na anayebaki katika chumba cha uhariri wakati waigizaji wamekwisha kurudi makwao. Kwa tamthilia za mapenzi au za familia maelezo hayo yangetosha. Kwa hadithi za upelelezi kuna wajibu mmoja zaidi, nao ndio ninaotaka uushike kuliko mengine yote nitakayokueleza: mtayarishaji ndiye mlinzi wa mpangilio wa siri. Hadithi ya upelelezi ni utaratibu wa nani anajua nini na amekijua lini, na karibu kila uamuzi unaofanywa katika utayarishaji, hata ule unaoonekana kuwa wa gharama au wa mandhari tu, unaweza kuuvunja utaratibu huo bila mtu yeyote kukusudia.

Nitakupa mfano wa mtu ambaye kazi yake ninaiheshimu sana. Michael Cox alikuwa mtayarishaji wa Granada Television, kituo cha Manchester nchini Uingereza, na ndiye aliyeanzisha ule mfululizo wa Sherlock Holmes ulioigizwa na Jeremy Brett, ulioanza kurushwa tarehe 24 Aprili 1984 na kuendelea hadi 1994, jumla ya sehemu 41. Kabla ya kamera kuwashwa, Cox na wasaidizi wake walizipitia hadithi za Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, na kuandaa kijitabu cha kurasa 77, kwa matumizi ya kikosi chao tu, kilichoorodhesha yale ambayo hadithi zenyewe zinasema kuhusu mpelelezi Holmes na rafiki yake Watson: mavazi, chakula, kinywaji, tabia, samani za chumba. Kwa sura na mikao walirudi kwenye michoro ya Sidney Paget, iliyokuwa ikichapishwa pamoja na hadithi hizo katika jarida la The Strand kuanzia mwaka 1891. Kijitabu kile kilikuwa chombo cha kazi. Mshona nguo, mpamba chumba, mwandishi na mwigizaji waliweza kubishana kwa kurejea maandishi yale yale, na mtu akitaka kubadili jambo alijua anabadili nini. Brett mwenyewe alikishika kijitabu hicho kama msahafu wa kazi yake. Ukitaka kujua kama kazi hii inakufaa, chukua kitabu kimoja cha Bwana Msa, kalamu na daftari, uandike kila jambo linaloelezwa kuhusu kiko chake, nyumba yake, marafiki zake, namna anavyosema na namna anavyonyamaza. Kazi hiyo ikikuchosha katika sura ya tatu, bado kuna kazi nyingine nzuri katika televisheni. Ikikufurahisha, umekwisha kuanza.

Sasa nieleze namna siri inavyovunjika, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wenye vipaji hushindwa. Tuseme una hadithi ya karani wa shamba la mkonge aliyekutwa amekufa ofisini mwake, na mshukiwa mmoja anadai kwamba usiku ule aliketi pale saa sita akimsomea marehemu barua kwa mwanga wa taa ya chemli. Kidokezo ni kwamba chemli ile haikuwa na mafuta, na utambi wake ulikuwa mkavu. Katika kitabu, mwandishi huweka sentensi moja ndogo kuhusu taa katikati ya maelezo ya meza, nawe unaipita. Katika televisheni lazima taa ile ionekane, tena ionekane vizuri kiasi kwamba mtazamaji akirudia sehemu ile aseme, "Naam, tulionyeshwa." Lakini mpiga picha atataka kuisogeza kwa kuwa inaakisi mwanga kwenye lenzi; mpamba chumba ataijaza mafuta kwa kuwa taa iliyojaa inapendeza; mhariri atalikata pigo lile, yaani kipande kile cha picha, kwa kuwa linachelewesha mwendo. Kila mmoja wao anafanya kazi yake sawasawa, na kwa pamoja wameiua hadithi. Ndiyo maana mtayarishaji hukaa na mwandishi na kutengeneza jedwali: kwa kila onyesho, mpelelezi anajua nini, mhalifu anajua nini, mtazamaji ameona nini. Nakala ya jedwali hilo hupewa kila mkuu wa idara, na mtunza mwendelezo, anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya picha na picha, hulishika mkononi. Ufundi wa kukificha kidokezo hadharani nao ni rahisi kuueleza ingawa ni mgumu kuutenda: katika pigo lile lile linaloonyesha taa, mpe mtazamaji sababu ya kutazama kitu kingine, labda mjane anayeingia mlangoni au mkono unaotetemeka ukishika kikombe.

Bajeti pia hufichua siri. Siku moja ya kupiga picha za tamthilia hutoa, kwa kawaida, dakika nne hadi sita zilizokamilika, kwa hiyo sehemu ya dakika 50 ni kazi ya siku tisa hadi kumi na tatu, na fedha zinapopungua jambo la kwanza linalopendekezwa ni kupunguza wahusika. Katika tamthilia nyingine utampoteza shangazi na hakuna atakayeuliza. Katika hii, ukiwaondoa washukiwa wawili kati ya watano, umewaacha watatu, na mtazamaji makini atamjua mhalifu kabla ya tangazo la kwanza la biashara. Bora kupunguza mahali pa kupigia picha kuliko kupunguza washukiwa: peleka mahojiano manne katika baraza moja. Hali ni hiyo hiyo kwa uteuzi wa waigizaji. Ukimpa mwigizaji maarufu kuliko wote nafasi ya jirani anayesema maneno machache, watazamaji watajiuliza kwa nini mtu wa hadhi ile amekubali nafasi ndogo kama ile, na jibu watalipata mara moja. Sambaza sura zinazojulikana katika nafasi kadhaa, au usiwe nazo kabisa. Kuna na jambo la lugha yetu: kwa Kiswahili mwandishi anaweza kuandika kwamba mtu aliingia, akafungua kasha, akatoka, na kurasa mia zikapita bila msomaji kujua kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Kamera haina ruhusa hiyo. Itakubidi uamue mapema kama utaonyesha mkono, kivuli au sauti ya kandambili, au onyesho lile litolewe na badala yake lisimuliwe na shahidi.

Umemtaja Bwana Msa, basi niseme neno kuhusu rafiki yake, Najum. Mpelelezi wa namna hii huwa na rafiki anayeona yote anayoyaona yeye bila kuyaelewa, na rafiki huyo ndiye jicho la msomaji. Katika zile filamu 14 za Hollywood za miaka ya 1939 hadi 1946, ambamo Basil Rathbone alikuwa Holmes, Watson wa Nigel Bruce alifanywa mtu wa kuchekesha, mzito wa akili, na watu wengi duniani waliamini kwamba ndivyo alivyoandikwa. Cox alikataa. Alimteua David Burke, na baadaye nafasi hiyo ikachukuliwa na Edward Hardwicke, na wote wawili walimwigiza daktari mwenye akili timamu, askari mstaafu, mtu ambaye mtu mwerevu kama Holmes angeweza kukubali kuishi naye. Nakuomba umfanyie Najum haki hiyo hiyo. Shinikizo la kumgeuza mchekeshaji litakuwa kubwa, kwa sababu vituo hupenda vichekesho, lakini rafiki akiwa mjinga, ushindi wa mpelelezi hauna thamani, na mtazamaji aliyekuwa akitazama kupitia macho yake anajihisi ametukanwa.

Shinikizo jingine, ambalo kwetu ni kubwa zaidi, ni la kuufanya mzimu uwe mzimu kweli. Mohamed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki 1991, aliandika hadithi ambazo majina yake yanatisha, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960 na Kisima cha Giningi ya mwaka 1968, lakini roho ya hadithi hizo ni akili inayokataa kutishika. Watu wanaogopa, wananong'ona, wanasema ni mambo ya mizimu, na Bwana Msa anauliza nani alipita pale na saa ngapi. Conan Doyle alifanya jambo lile lile katika riwaya yake ya mbwa wa Baskerville mwaka 1902: hofu ni ya kizimwi, lakini aliyefanya ni binadamu mwenye kutamani mali. Ukiongeza jini mmoja tu katika sehemu ya mwisho ili kumfurahisha mdhamini, umefuta kila kidokezo kilichotangulia, kwani palipo na jini hakuna haja ya ushahidi. Jambo hili mtayarishaji halijadili. Mweleze mdhamini kwa upole, na kama hatakubali, tafuta mwingine.

Kuhusu urefu nitasema kwa kifupi. Granada walifanikiwa zaidi pale hadithi fupi moja ilipoingia katika sehemu moja ya dakika 50. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipozinyoosha baadhi ya hadithi fupi hadi karibu saa mbili, nyuzi zililegea, na kwa maoni yangu hizo ndizo sehemu dhaifu kuliko zote. Usikubali kuahidi sehemu 50 kutokana na riwaya moja nyembamba. Omba kufanya sehemu tatu au nne kwa kila riwaya, kisha uende riwaya nyingine ukiwa na mpelelezi yule yule. Uamuzi wa zama nao ufanye mara moja. Agatha Christie aliandika habari za mpelelezi wake Hercule Poirot kuanzia 1920 hadi miaka ya 1970, lakini ule mfululizo ulioigizwa na David Suchet, ulioanza 1989 chini ya mtayarishaji Brian Eastman na kumalizika 2013 ukiwa na sehemu 70, uliziweka karibu hadithi zote katika miaka ya 1930. Kwa njia hiyo stoo moja ya nguo na magari ilitumika mwaka hadi mwaka, na mtazamaji akaijua dunia ile. Vitabu vya Bwana Msa vilitoka kati ya 1960 na 1984. Chagua zama moja ndani yake, na uhakikishe mtu hapokei simu ya mkononi nyuma ya pazia.

Tufike kwenye hakimiliki, sehemu ambayo vijana huiruka na ambayo ndiyo mlango wenyewe. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, hakimiliki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyefariki 1991, kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2041. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, na kwa kuwa hadithi hizi zina asili Unguja, pande zote mbili za bahari zinakuhusu. Kuwa na kitabu cha babu kabatini hakukupi haki ya kukifanya tamthilia, wala si lazima mchapishaji awe ndiye mwenye haki ya televisheni, kwa maana mikataba mingi ya zamani ilihusu uchapishaji tu. Mwenye haki huwa ni warithi, na hapo uulize swali la adabu lakini la wazi: ni nani msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Mkataba uliosainiwa na mtoto mmoja tu wa marehemu, wakati wapo sita, utakuletea zuio la mahakama wiki ile tamthilia inapotangazwa. Usinunue haki yote kwa mkupuo. Omba haki ya kushikilia hadithi kwa muda, tuseme mwaka mmoja au miezi 18, kwa malipo madogo, ukiwa na ahadi iliyoandikwa ya malipo kamili siku upigaji picha utakapoanza. Andika pia kama unaruhusiwa kuhamisha mahali pa hadithi, kuongeza wahusika na kutunga visa vipya, kwani ugomvi mwingi hutokea hapo. Kaa na familia, waeleze utakachofanya na usichofanya. Wengi wao fedha si jambo la kwanza. Wanaogopa jina la mzee wao lisije likadhalilishwa.

Wakati unasubiri majibu yao, kuna hazina iliyo wazi. Conan Doyle alifariki 1930. Kwa Uingereza hakimiliki yake iliisha mwisho wa 1980, na si ajabu kwamba Granada walianza mipango yao wakati ule. Ikarejeshwa mwaka 1996 sheria ilipoongeza ulinzi hadi miaka 70, ikaisha tena mwisho wa 2000. Marekani hadithi zake za mwisho ziliachiwa huru Januari 2023. Leo unaweza kuchukua hadithi yake yoyote kati ya 56 fupi na riwaya nne, ukaihamishia Ngamiani au Pangani, bila kumwomba mtu. Tahadhari ni mbili: tafsiri ya Kiswahili ya hadithi hizo ina hakimiliki yake mwenyewe, kwa hiyo fanya kazi kutoka kwenye maandishi ya asili; na usichukue jambo lililobuniwa na filamu au tamthilia fulani ukidhani limo kitabuni.

Tanga itakusaidia kuliko unavyofikiri. Bado kuna nyumba na majengo ya zamani ambayo miji mingine imeyabomoa, reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1893, mashamba ya mkonge, mapango ya Amboni, na Pangani iko karibu. Nyumba za Pangani na za Tanga mjini zinaweza kusimama mahali pa Unguja kwa pigo la karibu, mradi waigizaji wasiseme Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, pale mhusika anapotakiwa kuwa mtu wa mjini Zanzibar. Mtafute mtu wa Unguja awasahihishe. Lakini jihadhari na bahari. Ukiweka maiti ufukweni Raskazone, kumbuka kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ufuo uliokuwa mpana leo saa nne asubuhi hautakuwa hivyo wiki ijayo saa ile ile, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ni kubwa mno. Katika hadithi ambayo saa ya kifo inajulikana kwa alama za maji, kosa hilo si dogo. Waulize wavuvi na upange ratiba kwa jedwali la maji. Kimbia masika pia, kati ya Machi na Mei, kwani mvua juu ya bati hufuta mazungumzo yote, na panga maonyesho ya nje ukizijua saa za adhana. Vibali vya Bodi ya Filamu na vya mamlaka za maeneo ya kale viombwe mapema, kwa maandishi, mswada ukiwa umekamilika.

Je, ni lazima uanze kwa kuongoza? Hapana. Verity Lambert, mmoja wa watayarishaji wakubwa wa televisheni ya Uingereza, aliingia katika kazi hiyo kama karani mpiga chapa, akawa msaidizi wa utayarishaji, na mwaka 1963, akiwa na miaka 27, BBC ilimkabidhi tamthilia yake ya kwanza. Alijifunza kwa kushika ratiba, simu na mswada wa wengine. Kwako wewe nafasi yenye mafunzo mengi kuliko zote ni ya mtunza mwendelezo katika tamthilia yoyote itakayokukubali, hata kwa malipo madogo, kwa sababu mtunza mwendelezo hufundishwa kuona taa iliyosogezwa. Ya pili ni ya meneja wa uzalishaji, inayokufundisha fedha huenda wapi. Harusi usiziache, zimekwisha kukufundisha kupiga picha mara moja bila kurudia, kupatana na wenye nyumba na kulipwa na watu wagumu, na zitakulisha katika miaka ambayo mtayarishaji hulipwa baada ya wote.

Kwa hiyo mwaka huu tengeneza kijitabu chako cha Bwana Msa, kwa ajili yako tu, na uiandikie familia ya mwandishi barua ya heshima. Sambamba na hilo, chukua hadithi moja fupi ya Conan Doyle yenye wahusika watano na nyumba moja, uihamishie mtaa unaoujua, umpe mswada mwenzako uliyesoma naye Bagamoyo aiongoze, nawe uitayarishe kwa dakika 20. Ikikamilika, waonyeshe watu kumi ambao hawakuijua hadithi, uisimamishe kabla ya ufumbuzi, na uwaombe waandike kila mmoja kwenye karatasi jina la mhalifu na sababu yake. Wakitaja wote jina moja, rudi kwenye chumba cha uhariri. Asipopatikana hata mmoja aliyekaribia, rudi pia, kwa kuwa umewanyima haki yao. Wakipatikana wawili au watatu waliotaja jina sahihi kwa sababu sahihi, na waliobaki wakataka kuirudia tangu mwanzo waone walipopitwa, basi filamu hiyo ndiyo utakayowapelekea warithi na wakuu wa vituo, na unaweza pia kuiombea nafasi katika tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo limekuwapo tangu 1998 na ambako wanunuzi na watayarishaji wa nchi nyingi hukutana.